Tufaha la Bi Zabel

Falk Rönnecke alikuwa na mashine ndogo, haizidi ukubwa wa mkate, katika chumba cha kufulia cha jengo lao mjini Leipzig, na ndani ya mashine hiyo waliishi watu mia moja na arobaini. Wote mafundi wa kompyuta. Kwa miaka sita waliandikiana kuhusu kompyuta, wakataniana kuhusu kompyuta, na kulalamika kwa pamoja kwamba dunia haiji kwao. Mtandao wao haukuwa na tajiri wala makao makuu. Kila kundi lilikuwa na mashine yake, yaani nyumba yake, kama hii ya Falk, na nyumba hizo, maelfu kwa maelfu, zilipelekeana habari zenyewe kwa zenyewe. Falk aliupenda mpango huo kupita kiasi. Shida ni kwamba kila mgeni aliyebisha hodi alisomewa kanuni kumi na moja kabla ya kuonyeshwa kiti.

Masika ya mwaka ule mambo yalibadilika. Chama cha bustani za mtaani, kilichochoshwa na matangazo ya ule mtandao mkubwa waliokuwemo, kilihamia kwake chote: watu arobaini na wawili, wengi wao wastaafu, na maboga yao na konokono wao. Falk nusura alie kwa furaha. Kufika Oktoba walibaki tisa. Waliondoka mmojammoja, kila mmoja baada ya kukosolewa na fundi fulani kuhusu kanuni fulani. Jumamosi chama kingekutana kuamua kama kibaki au kirudi kilikotoka, na wote walikuwa wakimwangalia mwenzao mmoja tu, Bi Ortrud Zabel. Akiondoka yeye, wote wataondoka, na Falk atabaki na mafundi wake mpaka kiama.

Alhamisi mchana Bi Zabel alimwita bustanini kwake.

"Nifute humo mtandaoni," alisema, hata hajamkaribisha kuketi. Alikuwa na miaka sabini na minane na fimbo, tangu avunjike nyonga. "Nimeweka picha ya baba yangu na tufaha lake. Nikauliza watu wazima wenye akili timamu, nani ana mti huu? Nimejibiwa na watatu. Wote watatu wananigombeza kwamba sikuielezea picha. Kwani hawana macho?"

Falk aliona haya, maana mmoja wa wale watatu alikuwa yeye mwenyewe.

"Wengine hawana, Bi Zabel," alisema polepole. "Wapo vipofu humu. Simu zao huwasomea. Usipoielezea picha, wanasikia neno 'picha', basi."

"Na kipofu atanisaidia nini na picha ya tufaha, Bwana Rönnecke?"

Falk alitupa macho bustanini. Aliuliza mti wenyewe uko wapi. Bi Zabel akamwonyesha kwa fimbo mahali palipoota nyasi. Ulikuwa umeangushwa na dhoruba majira ya baridi yaliyopita, yeye akiwa hospitali, na majirani, kwa wema wao, waliukata ukawa kuni kabla hajarudi. Hakikubaki hata kijiti cha kubebeshea kwenye mti mwingine ili tufaha lile lizae tena. Baba yake alikileta kijiti cha kwanza mwaka elfu moja mia tisa arobaini na sita, alipofukuzwa na Wajerumani wenzake baada ya vita kutoka kwao, bonde moja la milima ya Sudeti ambalo sasa liko Poland. Alikizungushia tambara bichi akakiweka ndani ya koti. Wakati huo Bi Zabel alikuwa na miaka miwili naye alibebwa mkono wa pili.

"Linaitwaje?"

"Achana na jina. Wataalamu wa matunda walinicheka. Halimo kwenye kitabu chochote."

"Basi nielezee lenyewe. Nifanye mimi ndiye kipofu."

"Wewe? Hiyo haitakuwa kazi," alisema, lakini alifumba macho, akakunja kiganja kana kwamba ameshika kitu. Kisha alichukua simu akaandika kwa kidole kimoja, akinung'unika, karibu saa nzima.

Aliandika kwamba tufaha hilo ni refu, lina mbavu tano, na kidole gumba kinakaa sawasawa kati ya mbili. Kwamba karibu na kikonyo pana baka linalokwaruza kama ulimi wa paka. Kwamba kufika Desemba ganda lake huwa na mafuta yanayobaki mkononi, nayo yananukia bizari tamu. Na kwamba likiiva, ukilitikisa sikioni, mbegu zinalia ndani. Watoto walikuwa wakiyatikisa kanisani, wakachapwa.

"Haya," alisema akimrudishia Falk miwani yake aliyoiazima. "Jumamosi nisipokuwa na jibu, naondoka, na nitawaambia wenzangu waondoke."

Falk aliyasoma maneno yale kwenye kituo cha tramu, treni ya barabarani, akayapitisha kwa marafiki zake. Hakufanya zaidi ya hapo. Usiku ule alilala.

Ijumaa alipofungua simu alidhani mashine imeharibika. Maneno ya Bi Zabel yalikuwa yametoka chumba cha kufulia, yakafika nyumba ya wauguzi huko Hamburg, toka hapo kwa waokaji wa Vienna, kwa wafugaji nyuki, kwa walimu, kwa nyumba ambazo Falk hakujua kama zipo. Hapakuwa na mtu aliyelipwa kuyasukuma. Hapakuwa na mashine iliyoamua nani aone na nani asione. Kila mtu aliyapokea, akayasoma, akampa wa pili. Mia tatu na zaidi walijibu, wakisimulia miti yao iliyokatwa. Falk aliijua mitambo hiyo ndani na nje, aliweza kuifungua na kuifunga huku amefumba macho, lakini asubuhi ile aliketi ukingoni mwa kitanda akastaajabu kama mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta.

Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na mti.

Jumamosi wale tisa walikusanyika na Falk kwenye kibanda cha chama, kwa kahawa na keki ya plamu. Mwenyekiti Lutz Hempel, dereva mstaafu wa tramu, aligonga kikombe kwa kijiko.

"Haya jamani, tusichelewe kama tramu namba kumi na moja. Wanaotaka turudi tulikotoka?"

Bi Zabel alinyoosha mkono. Saba wakamfuata. Ndipo simu yake ikalia mezani.

Aliyeandika aliitwa Bogumil Wrona, wa Poland, kwa Kijerumani cha kuungaunga. Zamani alikuwa mwunganishaji simu. Alizaliwa haoni. Simu yake ilikuwa imemsomea maneno ya Bi Zabel mara mbili, akainuka akatoka uani. Alikuwa ametuma sauti.

Falk aliibonyeza. Kwanza upepo, kisha mbwa, kisha karibu kabisa, mbegu zikigonga ndani ya tufaha, kavu, upesi.

Bi Zabel aliushusha mkono wake, akaubana mdomoni. "Cheza tena, Falk," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Akaicheza tena. Lutz alikuwa bado ameshika kijiko.

Chini ya sauti palikuwa na maneno. Bogumil angetuma vijiti Januari, mti ukilala. Aliomba kitu kimoja tu. "Bibi yangu naye alifukuzwa kwao, mashariki. Alipofika hapa nyumba za Wajerumani zilikuwa tupu, mti umejaa matunda, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza jina la mti. Amekufa akiuliza. Wewe unalijua?"

Bi Zabel alivaa miwani ya Falk. Aliandika: "Lene wa Njuga. Lene ni bibi yangu. Aliuotesha mwenyewe kwa mbegu."

Watu tisa wakasubiri, keki ikiwa haijaguswa. Hakuna aliyekumbuka kura.

Jibu likaja: "Nimetoka nje sasa hivi, mpaka kwenye mti. Nimemwita kwa jina."