Mlizamu wa Kaskazini

Sihaba alibakiwa na siku moja tu, na Profesa Luo, msimamizi wake, alikuwa ameshafunga mjadala. Jiwe lile la duara, lenye mlizamu, yaani mdomo wa kumwagia, upande mmoja, lilikuwa la kusagia soya, basi. Kesho yake tingatinga lingepita juu ya kiwanja kile kilicho nyuma ya maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu. Mwaka ule wa 2006, Guangzhou ilijenga kama mtu anayekimbizwa.

Utafiti wote wa shahada ya binti huyu wa Tanga ulisimama juu ya jiwe hilo, aliloamini ni la hekalu. Wenzake walimcheka: Mwislamu, tena Mswahili, anatafuta hekalu la Wahindu Uchina! Naye alianza kuwaamini.

Siku ya tingatinga alidamka kwenda kuliaga jiwe. Akawakuta bibi watatu wa pale mtaani, Bibi Liang mbele, wakilichomea udi. Hadithi yao aliijua: zamani walishuka wageni na mungu wao wa jiwe, wakawa wanamwosha kwa maziwa; na jiwe lake likisogezwa, kisima cha mtaa kitakauka. Wasomi waliiita porojo. Lakini leo Sihaba aliwatazama miguu. Walilizunguka jiwe, wakafika kwenye mlizamu wake, wakageuka na kurudi walikotoka. Hakuna aliyeuvuka.

"Bibi, mbona hammalizi mzunguko?"

"Mama mkwe alinifunza hivyo. Sababu nani anaijua?"

Sihaba aliijua! Baba yake, fundi mwashi, aliwahi kukarabati hekalu la Wahindu kule Tanga, na Sihaba ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Waumini wa pale walifanya vivyo hivyo, maana maziwa aliyooshewa mungu hupita mlizamuni, na hayarukwi. Na baba yake aliagizwa mlizamu utazame kaskazini, na mfereji uanzie hapo.

Akatoa dira. Kaskazini, bila ubishi.

Profesa alipofika na mkandarasi, walimkuta kasimama mbele ya tingatinga.

"Laoshi, mwalimu wangu, mlizamu unatazama kaskazini, na bibi hawa hawauvuki, sawa na kwenye hekalu la Wahindu kule Tanga; tuchimbe hapa, upande wake. Nusu saa tu. Nikikosea, narudi Tanga mwenyewe."

"Mei you!" mkandarasi akafoka. "Muda hakuna!"

Profesa Luo alikuwa mbishi, lakini hakuwa mtu wa kuogopa ukweli. Aliwatazama wale bibi, akaitazama dira, akavua koti na kushika sepetu.

Mita moja chini, sepetu iligonga jiwe. Ulikuwa mfereji, umenyooka tangu mlizamuni, na kando yake nguzo iliyoanguka, imechongwa tembo akimwinamia mungu. Soya gani inasagiwa hekaluni?

Profesa alikaa udongoni na suruali yake safi.

"Nilikosea," alisema kwa sauti, mkandarasi asikie. "Zima mashine. Kiwanja hiki kitachimbwa chote, na atakayeongoza ni Sihaba."

Sihaba alilia kwa furaha, kisha akapiga vigelegele vya harusini kwao, mpaka wachukuzi wa marobota wakasimama barabarani. Bibi Liang alishtuka kidogo, halafu akamwomba amfundishe.