Masomo Waliohamia kwa Mwalimu Mikdad

Mwalimu Mikdad aliliandaa somo la Jumanne akiwa jikoni, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unakoroga uji wa mtoto. Aliiandikia akili mnemba kwa kidole gumba: Darasa la Nne, Kiswahili, kusoma kwa ufahamu, vipindi viwili, watoto zaidi ya mia, vitabu havitoshi. Uji haujachemka, andalio likawa limekuja.

Lilikuwa andalio zuri. Lilianza na wimbo, likawagawa watoto katika makundi, likamtaka mwalimu apite akisikiliza kila kundi likisoma. Lilionya kwamba katika darasa kubwa kama hilo hawakosi wanaokariri sauti za wenzao bila kuzijua herufi, na hao waletwe mbele, mmoja mmoja. Mwishoni, kwa kuwa Mikdad aliomba, liliweka na tathmini: Somo limefundishwa na limeeleweka.

Alilinakili lote kwenye daftari la maandalio, akanywa chai, akaenda shule. Mwalimu mkuu, Mwalimu Hajra, akalipitia akatia saini. Mikdad akaingia darasani, akaandika ubaoni habari ya mkulima wa mwani, akawaambia watoto wanakili, akamwachia kiranja chaki, akaenda kumwangalia fundi.

Alikuwa anajenga kando ya njia iendayo kwenye magofu ya Kaole, nyumba ya vyumba vinne, ya tofali za saruji. Kabla ya simu alikuwa akimaliza jioni zake kwenye maandalio, macho yakimuuma. Simu ilimrudishia jioni zake, naye akaziingiza kwenye nyumba. Jioni zilipokuwa hazitoshi, akaanza kuchukua na asubuhi za watoto.

Siku hiyo alimkuta mwanamke ameketi juu ya tofali katikati ya sebule isiyo na paa. Alivaa doti mpya ya kanga, bado ina wanga wake, na alipakata karatasi ya manila iliyoandikwa silabi kwa wino mwekundu.

"Hodi nimepiga," alisema. "Mimi ndiye somo la Jumanne."

"Karibu," alisema Mikdad. "Umekuja kufanya nini?"

"Kungoja kufundishwa."

Fundi Dadi alisema analihitaji lile tofali. Mwanamke akainuka, akampa, akasimama pembeni.

Jioni ilipoingia, Mikdad hakuona vyema kumwacha mgeni kwenye nyumba isiyoezekwa. Akamchukua mpaka alikopanga. Mkewe, Nadhira, aliwatazama wakiingia uani.

"Somo wa nani huyu?" aliuliza. "Nyumba hii haina mwari wa kufundwa."

"Si somo wa mwari. Ni somo la shule."

"La shule lina miguu?"

"Anayo."

Nadhira akaitazama ile miguu, akaona imetiwa hina ikakolea, akaenda kuongeza unga kwenye sufuria.

Jumatano likaja somo la Sayansi, amebeba maharage yaliyoota kwenye pamba mbichi. Likaja na somo la Hisabati, mnene, mcheshi, mwenye vijiti vya kuhesabia vilivyofungwa kwa kamba ya ukindu. Wote walikuwa wamevaa wakapendeza, kwa sababu wote walikuwa wameandaliwa vizuri. Alhamisi hakuja mtu, kwa sababu ilikuwa sikukuu. Wiki iliyofuata wakaja kila siku. Nadhira akasema yeye hana neno na wageni, lakini chumba kimoja ni chumba kimoja, na mwanamume anayejenga nyumba awapeleke wageni wake kwenye nyumba anayoijenga. Mikdad akaezeka haraka. Kabla rangi haijapakwa, masomo wakahamia.

Walimu hawakuwa na la kuuliza ila moja.

"Masomo yako yameonekana dukani yananunua sabuni," alisema Mwalimu Mbaruku, wa Darasa la Sita, wakiwa ofisini.

"Wameonekana, wananunua," alisahihisha Mwalimu Hajra bila kuinua kichwa. Alikuwa amefundisha Kiswahili tangu ujana wake na hakuacha kosa lipite.

"Lakini, Mwalimu, somo ni ngeli ya LI-YA."

"Likiwa daftarini. Likishakohoa na kuomba chai, huyo ni A-WA."

Wakalijadili jambo hilo mpaka kengele ikalia. Wakakubaliana kwamba kwenye daftari mtu aandike limeeleweka, na akikutana naye njiani amwambie shikamoo. Kisha Mbaruku akamwomba Mikdad amwonyeshe namna ya kuiandikia ile simu, naye apumue. Mikdad akamwonyesha, na walimu wengine wakasogea kutazama. Mwezi haukwisha, mama yake Mbaruku akaanza kulalamika msikitini kwamba nyumbani kwake hakupitiki.

Mikdad alijua dawa ya wageni hao. Aliijaribu mara moja. Somo la Hisabati, yule mcheshi, alimfuata shuleni asubuhi moja akasimama mlangoni mwa darasa na vijiti vyake, na Mikdad akaona haya kumpita. Akafuata andalio kama lilivyo. Akaleta mikate ya kumimina, watoto wakaikata nusu, wakaikata robo, wakagombana nani kapewa thumuni, wakathibitisha kwa kuilinganisha, wakaila. Vipindi vyote viwili alisimama, akainama, akauliza, akajibu, shati likamganda mgongoni. Alipomaliza, yule mcheshi aliweka vijiti mezani.

"Haya, mwalimu. Mimi naenda," alisema, na akashika njia ya mikokoni, akitembea kama mtu aliyetua mzigo. Hakuonekana tena. Watoto walizungumza kwa robo na thumuni wiki nzima. Hata peremende waliigawa hivyo.

Lakini asubuhi ile Dadi alikosa wa kumwangalia, akajenga ukuta wa choo ukapinda. Mikdad alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Tangu hapo akawa anaingia na kutoka darasani kwa dirisha la upande wa pili, ambako masomo hawasimami.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa wa kwanza, yule wa Jumanne. Si kwamba alimsemesha sana. Alikuwa anafagia uwanja, anachota maji kwa zamu yake, na kila Mikdad akija kutazama rangi au madirisha, anamwambia jambo lile lile, kwa upole ule ule.

"Mimi ni wa Tatu binti Khamis. Wenzake wananihitaji kidogo. Yeye ananihitaji mzima."

"Najua," anasema Mikdad.

"Nusu saa, mwalimu. Nusu saa kwa siku, mbele, peke yake. Andalio lilisema."

"Kesho, Inshallah."

Naye alijua kweli. Tatu alikuwa msichana mwembamba wa safu ya nyuma, mwenye sikio la ajabu. Akiinuliwa kusoma, alisimama na kitabu mikononi akausema ukurasa mzima bila kukosa hata nukta, kwa kuwa wenzake watatu walikuwa wameusoma kabla yake. Mikdad alimgundua kwa sababu siku moja Tatu alifungua ukurasa alipokuwa ameshausema wote. Watoto hawakuona. Tatu aliona kwamba mwalimu ameona, akakaa chini, na wote wawili wakaendelea na kipindi.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mikdad aliilisha simu tathmini zake zote ili imwandikie ripoti za wazazi. Simu haikumsingizia mtu. Ilisoma alichoandika, kwamba kila somo limeeleweka, ikatoa ripoti zinazolingana. Kwenye ya Tatu iliandika: Anasoma kwa ufasaha. Mikdad aliliona lile neno, akalipita, akalirudia. Kisha akatia saini, kwa sababu ripoti zilikuwa nyingi na wino ulikuwa unaisha.

Siku chache baadaye, baada ya adhuhuri, mama yake Tatu alikuja kwenye nyumba mpya. Jina lake Ashatu, alilima mwani na kuuza mihogo, na yeye mwenyewe hakupata kukaa darasani. Alikuwa amevaa baibui ya kutokea na amebeba bakuli la visheti lililofunikwa kwa kitambaa. Tatu alikuja nyuma yake. Mikdad aliwakaribisha barazani, kwa kuwa ndani masomo walikuwa wamejaa mpaka ukumbini.

"Una ugeni, mwalimu," alisema Ashatu.

"Wapo wapo."

"Wageni baraka. Mimi sikai, nimekuja kusema ahsante. Mtu akikufunzia mtoto, usipomshukuru utakuwa mtu gani?" Akamgeukia binti yake. "Tatu, si umwamkie mwalimu?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Ashatu akaeleza. Baba yake Tatu, Khamis, ni dereva wa lori, na tangu achukuliwe na kampuni ya mizigo ya nje hawajamtia machoni. Tatu amemsahau hata kicheko. Zamani, ujumbe ukija, Ashatu alikuwa akiubeba mpaka kwa muuza duka, na muuza duka anaujua mdomo wake. Mambo ya nyumba yanasikika sokoni kabla hujafika kwako. Sasa aibu hiyo imekwisha.

"Jana ujumbe umekuja usiku, nikamwambia, haya, mama, nisomee. Akausoma kama maji, mwalimu. Hakukwama. Nililia, wallahi. Nikasema, mimi sikusoma, lakini nyumba yangu ina msomaji."

"Baba kasema nini?" aliuliza Mikdad.

"Anatusalimia. Safari ni njema, mzigo wa kawaida, tumwombee dua, na Tatu ashike masomo. Basi. Tazama mwenyewe," akasema, akatoa simu ndogo ya vibonyezo kutoka kwenye mkunjo wa kanga chini ya baibui, kwa sababu mtu mwenye furaha hupenda ishuhudiwe.

Mikdad akaisoma. Mama Tatu, kesho asubuhi tunapumzika Chalinze, saa nne mpaka saa tano, pale wanapooshea malori. Mlete Tatu nimuone. Naenda Kongo, sirudi mwaka huu. Simu hii ya mwenzangu, usipige, inakwisha chaji. Nitawangoja.

Kesho ya ujumbe ilikuwa leo. Saa nane ilikuwa imepita. Lori hilo, kwa wakati huo, lilikuwa mbali kwenye barabara ya Morogoro, na mtu ndani yake alikuwa ameshachoka kutazama kioo cha nyuma.

Mikdad aliinua macho. Tatu alikuwa anamtazama, si usoni, mkononi, pale simu ilipo. Hakujua kilichoandikwa. Alichojua ni kwamba mwalimu anajua, kama alivyojua siku ile ya ukurasa.

Somo la Jumanne alitoka akasimama kizingitini na karatasi yake ya silabi, wanga wa kanga yake umeshaisha sasa, rangi imepauka kwa kufuliwa. Alimtazama Mikdad kama mtu aliyengoja kuitwa jina lake kwenye foleni.

Maneno yalikuwepo. Mtoto wako hajui kusoma, na mimi nilijua. Hayakuwa marefu. Mikdad aliyapima mdomoni. Akaona baada yake Ashatu atauliza, tangu lini. Kisha atauliza, na ile ripoti? Akaona atakwenda kwa Mwalimu Hajra, na Hajra atafungua daftari, na daftari limejaa saini ya Hajra.

"Kasoma vizuri," alisema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Tatu alivuta pumzi. Kisha uso wake ukabadilika kidogo, kama wa mtoto aliyeona hesabu ikikubali.

"Mwenyezi Mungu akulipe, mwalimu," alisema Ashatu.

Alitaka amuone akionja. Mikdad akafunua bakuli, akatia kisheti kimoja mdomoni, akatafuna mpaka kikaisha. Vilikuwa na hiliki ya kutosha. Somo la Jumanne alirudi ndani, akakunja karatasi yake, akamsogelea mwenzake kwenye mkeka ili mwenzao wa mlangoni apate pa kukaa.

Magharibi, Mikdad na Nadhira wakifunga madirisha ya nyumba mpya, alipita mwanamke mwingine uwanjani. Huyu hakuandaliwa na mtu. Hakuwa na karatasi, wala vijiti, wala maharage. Kanga yake ilikuwa moja, ya mtu aliyetoka kwa haraka. Aliwapungia mkono, hakusimama.

"Karibu ndani, Somo," alisema Nadhira. "Tutabanana."

"Ahsante, sikai. Mimi nimeshafundishwa. Leo leo, hapa barazani."

"Kafundishwa nani?"

"Yule mtoto. Mwepesi, mashallah. Mara moja tu, kwa jibu la mwalimu."

Akashika njia ya mikokoni, mwepesi, kama yule wa Hisabati. Nadhira alimtazama mumewe. Kisha akaingia ndani kuwasha taa.

Asubuhi Mikdad alisimama jikoni na simu. Aliomba somo la kusoma, Darasa la Nne, akataja kwamba yupo mtoto asiyezijua herufi. Andalio lilikuja zuri kuliko yote yaliyopita, limefikiria kila kitu, hata mahali pa kumkalisha ili wenzake wasimcheke. Alilinakili lote, mpaka mstari wa mwisho.

Langoni mwa shule alimkuta somo huyo mpya amefika kabla yake. Alikuwa bado msichana, kanga zina alama za mkunjo wa dukani, na herufi alizikata moja moja kutoka kwenye boksi gumu akazitunga kwenye uzi kama ushanga. Kengele ilikuwa haijalia. Mikdad alimsalimia kwa heshima, akahamisha daftari kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Umeshajua utalala wapi?" alimuuliza.

"Wameniambia barazani," alisema. "Ndani kumejaa."