Mchanga wa Mutie

Mbinya alikuwa amelala kifudifudi juu ya mchanga wa mto, mikono ameinyoosha. Lori lililokuja kuchota mchanga lilimpigia honi.

Chini yake palikuwa na kisima alichochimba mumewe, Mutie, mwaka ule wa kiangazi kikali. Kuta zilimwangukia akiwa ndani. Wanaume walichimba hadi mchanga ukaanza kuwafukia na wao, wakaacha. Wakazungushia miiba, na kwa desturi hakuna aliyeteka maji pale tena. Lakini Mbinya, akifua karibu na hapo, alisikia kata ya kutekea maji ikikwangua huko chini.

"Amka, mama," alisema Kivuva, naibu wa chifu. "Unachelewesha watu wa Nairobi."

"Mutie yuko hapa, mzee."

"Yuko? Basi mwambie atoke, asaidie kupakia." Vijana wa makoleo wakacheka. "Si ninyi mlisema maji haya hayanywewi? Kisima kisichonywewa ni cha nini?"

"Mchanga ndio unaoshika maji. Ukichukuliwa, hata visima vile vingine vitakauka."

"Mto ni wa serikali, mama. Mbebeni!"

Walimbeba, mmoja mikono, mmoja miguu, wakamweka ukingoni. Miiba ilitupwa kando. Makoleo yakaanza.

Lori lilipojaa, Kiilu, kijana wa jirani yake Mbinya, alipanda ukingo akiwa amekausha uso. Mkononi alikuwa na kiatu cha tairi. Ukanda wa kiatu ulikuwa umefungwa kwa waya. Mbinya ndiye aliyeufunga waya ule.

"Mwaitu," alisema Kiilu, akimwita kama anavyomwita mamake, "mimi pia nina watoto."

"Na cha pili?"

Kiilu alitazama lori.

"Mlimwona?"

"Hatukuangalia, Mwaitu. Tulikuwa tunarusha tu."

Lori lilinguruma, likapanda ukingo kuelekea Emali. Mchanga ulikuwa mbichi. Maji yalichuruzika kutoka nyuma yake, yakaacha mstari mweusi katikati ya vumbi.

Mbinya alikichukua kiatu, akalifuata lori akiita jina la mumewe. Honi ikamjibu mbali, kwenye njia panda ya lami. Akasimama.

Mbuzi wake walikuwa wamemfuata. Waliinamisha vichwa, wakaanza kulamba ule mstari. Aliwafukuza kwa kiatu.

Wakarudi. Akawafukuza tena. Wakarudi.