Sheshe Hayumo Kwenye Mwongozo

Jumatatu asubuhi Mwalimu Kandida alirudi kazini Shule ya Sekondari Katindiuka baada ya siku kumi za semina mjini Morogoro, akakuta karatasi za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne zimerundikwa mezani kwake. Yeye ndiye aliyefundisha jiografia, lakini kwa kuwa hakuwepo, zilisahihishwa na Mwalimu Gosbert, mwalimu wa taaluma.

Alizipitia moja moja huku akinywa chai. Swali la insha lilikuwa la alama ishirini: linganisha kanda tatu za dunia, hali ya hewa yake, na namna mimea, wanyama na watu wanavyomudu kuishi humo. Karibu darasa zima liliandika tundra, jangwa la joto na msitu wa mvua, kama walivyonakili kwenye madaftari. Alipofika kwenye karatasi ya Eveline, akaweka kikombe chini. Insha nzima ilikuwa imekatwa msalaba wa kalamu nyekundu. Sufuri. Chini yake maneno mawili: HADITHI ZA KIJIJINI.

Eveline alikuwa ameandika tundra vizuri, na jangwa vizuri. Kwa kanda ya tatu aliandika mbuga ya mafuriko ya Kilombero. Aliandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na pale aliposhindwa kupata jina la mnyama kwa Kiingereza, aliandika tu "sheshe".

Kandida akauliza Eveline yuko wapi. Walimu wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hajaja tangu Jumatano."

"Anaumwa?"

Wakarudia madaftari yao. Ilibidi atoke nje amuulize kiranja wa darasa, ndipo akaambiwa yote. Jumatano iliyopita, mstarini, Mwalimu Gosbert alimwita Eveline mbele, akaisoma insha yake kwa sauti ya kuigiza, kisha akawaambia wanafunzi mia nne, "Wenzenu wanajiandaa na mtihani wa taifa, huyu anawaandikia wasahihishaji habari za kambale wa baba yake." Wakacheka. Akaendelea kusoma, wakazidi kucheka, mpaka mwenyewe akashindwa kumaliza kwa kicheko. Eveline alisimama pale mikono nyuma. Kengele ilipolia, alikwenda darasani, akachukua begi, akatoka getini.

Kandida alirudi ofisini akiwa na karatasi mkononi.

"Mwalimu Gosbert, hii sufuri ni ya nini?"

Gosbert alikuwa kijana nadhifu, mwenye bidii, aliyehamia pale miaka minne nyuma. Hakuinua macho kwenye ratiba aliyokuwa akiipanga. "Madam, karibu tena. Hiyo haimo kwenye mwongozo wa kusahihishia."

"Tundra haimo kwenye mwongozo? Jangwa halimo?"

"Insha ni moja. Ameiharibu mwenyewe. Na huyo sheshe ni mdudu gani? Nimetafuta kwenye kitabu cha kiada, hayumo."

"Ni swala. Anaishi kwenye mbuga hii hapa, ng'ambo ya mashamba. Walikuwa makundi kwa makundi, leo wamekwisha karibu wote. Umekaa miaka minne, hujawahi kumuuliza mtu yeyote?"

"Sikuja hapa kuuliza swala, nimekuja kufaulisha." Sasa alimtazama. "Madam, msahihishaji wa taifa atakaa na mwongozo wake na rundo la karatasi. Hatakuwa na muda wa kujifunza mambo ya Kilombero. Akiona ngamia, anaweka vema. Asipoona, anakata. Mimi nimewaonyesha mapema, ili waogope."

"Umewaonyesha kwa kumvua mtoto nguo hadharani."

"Sikumgusa!"

"Afadhali ungemgusa," Kandida alisema, na sauti yake ikasikika mpaka uwanjani. "Hapo ningejua pa kukushitaki."

Mkuu wa shule, Mwalimu Severini, aliwaita wote wawili. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yapoe. Akasema makosa yametokea, ni ya kibinadamu. Alama za Eveline zitarekebishwa kimyakimya, na yeye Kandida aende kuongea na mzazi, kwa busara.

"Alitukanwa kwa sauti," Kandida akasema. "Kwa nini arekebishiwe kimyakimya?"

"Madam, nenda kwanza."

Alikwenda mchana huohuo kwa bodaboda. Kwa akina Eveline kulikuwa karibu na mto, kwenye nyumba za wavuvi. Maji yalikuwa yameshuka zamani, majani yamekauka rangi ya kahawia, na vumbi liliwafuata njia nzima. Alimkuta baba yake, Mzee Fulgensi, ameketi chini akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Hakuacha kushona. Akauliza, kwa upole uliomuumiza Kandida kuliko kelele, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemweleza mambo ya kambale. Tangu mdogo nakwenda naye kwenye mabwawa yakikauka, tunachimba tope, tunamkuta samaki mzima anahema. Sasa naambiwa nimemfundisha mtoto ujinga. Ni ujinga?"

"Si ujinga, mzee. Ni sahihi yote."

"Basi kwa nini amechekwa?"

Eveline akatoka ndani. Hakumwamkia. Katika miaka minne ya kumfundisha, ilikuwa mara ya kwanza kutosikia shikamoo yake.

"Nimekuja kukurudisha shule. Alama zako zitarekebishwa," Kandida akaanza.

"Wewe ndiye uliyetuambia, Madam. Ulisema jiografia haiishii kwenye kitabu, andikeni mnachokiona kwa macho yenu. Darasa zima lilisikia. Mimi peke yangu nikakuamini." Akaegemea mlango. "Halafu siku ya kunitetea, hukuwepo."

"Ni kweli," Kandida akasema. "Nilisema hivyo. Na sikuwepo."

"Sirudi kwa kuongezewa alama."

"Unataka nini?"

Eveline alimtazama baba yake. "Aliisoma nusu. Isomwe tena palepale, mpaka mwisho."

Jumanne Gosbert alikataa kuisoma tena. Jumatano Severini alisema jambo hilo lisizungumzwe tena, litaleta mgawanyiko. Kandida akampigia simu Mzee Fulgensi.

Ijumaa asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na matangazo, Mkuu akauliza kama kuna mwalimu mwenye neno. Aliuliza kwa mazoea tu, akiwa ameshageuka kurudi ofisini. Kandida akapita mbele na karatasi yake. Pembeni ya uwanja alisimama Mzee Fulgensi katika shati lake la kwendea kanisani, na Eveline ubavuni kwake, amevaa sare. Kwa ajili ya mzee, Kandida aliisoma insha kwa Kiswahili.

"'Nchi ya kwetu ina hali mbili,'" akasoma. "'Mwezi wa tatu mto hufurika na kufunika mbuga, na majani hurefuka kumpita mtu. Mwezi wa kumi ardhi imepasuka, mguu unaingia kwenye ufa. Kambale, bwawa likikauka, hujichimbia kwenye tope na kuvuta hewa ya juu kama sisi.'"

Mtu akacheka upande wa kidato cha pili. Kandida akanyamaza, akamtazama mpaka kicheko kikafa, akaendelea.

"'Sheshe hufuata ukingo wa maji. Yakipanda anasogea, yakishuka anarudi kula majani mapya. Mpunga aliopanda bibi yangu ulirefuka kadiri maji yalivyopanda. Watu hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo, maji yapite chini yao wamelala. Kwenye tundra kiumbe hupambana na baridi. Jangwani hupambana na ukame. Kwetu hupambana na gharika na ukame ndani ya mwaka mmoja.'"

"Madam, inatosha," Severini akasema nyuma yake.

"Bado sentensi moja. Hii hamkuisikia. 'Siku hizi sheshe wamebaki wachache, na baba yangu anasema huenda mimi nikawa wa mwisho katika ukoo wetu kuwaona.'"

Gosbert aliondoka kuelekea madarasani, hatua za haraka, hakutazama mtu. "Huyu," Kandida akasema, na sasa hakuweza kuishusha sauti, "amejibu swali vizuri kuliko ninyi nyote, na kuliko mimi niliyemfundisha. Mkamcheka. Mchekeni tena sasa, niko hapa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Fulgensi alivuka uwanja, akampa mkono Kandida, akauinamia mkono huo kidogo, kisha akaenda zake.

Kabla ya saa nne Kandida alipewa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Insha ya Eveline ilisahihishwa upya na mwalimu wa shule nyingine, akapata kumi na nne. Gosbert hakuomba radhi, na kuanzia siku ile yeye na Kandida walisalimiana kwa vichwa tu.

Wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, Eveline alimfuata Kandida baada ya kipindi.

"Shikamoo, Madam. Swali kama lile likija, niandike nini?"

Kandida alikuwa anafuta ubao. Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa pasafi. Alijua jibu, na alichukia kwamba alilijua.

"Andika jangwa, tundra na msitu wa mvua," akasema. "Andika vizuri, uchukue alama zote."

Eveline akafunga daftari lake. "Kumbe wewe na Mwalimu Gosbert mnasema kitu kimoja," akasema, akaondoka.

Kandida akabaki na kifutio mkononi. Angemwita, angemwambia nini? Alikirusha kifutio ukutani kwa nguvu, chaki ikatimka. Kisha akaketi kwenye dawati la mbele, akachukua karatasi, akaanza kuwaandikia watunga mitihani, bila kujua anwani yao wala kama kuna mtu huko atakayeisoma.