Kikombe cha Tatu

Rudaina aliugonga mlango wa mbele wa nyumba alimozaliwa, akarudi nyuma hatua moja kama wafanyavyo wageni wenye adabu. Hakuwa ameugonga mlango ule maisha yake yote. Nyumba ya Haji Shibli, kama nyumba nyingi za mji wa Karak, ilikuwa na milango miwili. Wa jikoni uliingiwa na watu wa nyumbani, majirani na paka, bila hodi. Huu wa mbele, wa kijani, ulifunguliwa kwa posa, kwa rambirambi na kwa suluhu ya ugomvi, na aliyeugonga alijulikana tangu kizingitini kuwa ana jambo zito kifuani.

Alikuwa amevaa vazi lake jeusi lenye tarizi nyekundu, lile la kuendea arusi za watu, na mkononi ameshika mfuko wa kitambaa wenye kitu kigumu ndani yake.

"Nani?" iliuliza sauti ya baba yake, ingawa pazia la dirisha lilikuwa limeshatikisika mara mbili.

"Mgeni."

"Mgeni hana jina?"

"Analo, Haji. Lakini leo ameitanguliza haja yake."

Mlango ukafunguliwa. Baba yake alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akatazama barabarani kana kwamba anautafuta msafara uliomleta, kisha akajitenga pembeni kumpisha. "Basi karibu, mgeni. Umeiheshimu nyumba."

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Tangu Rudaina arudi safarini, yapata mwezi, mzee huyu alikuwa amemwambia maneno machache sana. Siku ya kwanza alisema, "Umerudi," na siku ya pili akasema, "Koti lako nimelipiga pasi." Koti lenyewe, jeupe, lenye jina lake juu ya mfuko, lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake wa zamani katika duka la dawa ambalo baba na binti walikuwa wamelihudumia pamoja kwa miaka mingi. Kila jioni Haji Shibli alirudi kutoka dukani akala chakula chake kimyakimya, na kila asubuhi alitoka peke yake. Hakumkaripia. Heri angemkaripia, maana ukali wa baba una mwisho wake, lakini kimya chake kinaweza kukaa ndani ya nyumba kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama.

Kuhusu mwaka mzima wa safari hakuuliza hata neno. Mama yake, Bahija, ambaye hakuwahi kuvuka mji mkuu, Amman, ndiye aliyeuliza mpaka akachoka: je, ulilala kwenye chumba chenye dirisha la kutazama bahari, na ni kweli mawimbi hayanyamazi usiku? Na ni Mama huyohuyo aliyempa shauri la leo. "Baba yako ukimfuata jikoni atakuwa baba," alisema akimenya kitunguu. "Mfuate kwa mlango wa mbele, umkute ni Haji Shibli. Haji Shibli hajapata kumrudisha mgeni."

Shauri lilikuwa la busara, kwani Rudaina alitaka kitu ambacho hakingepatikana kwa kunyemelea. Alitaka ufunguo wa nyumba ya marehemu bibi yake kule kijijini Ain Sidra, yenye ua wa mawe na zizi, ili atengeneze jamidi: ule mtindi wa kondoo unaosukwa, ukakamuliwa, ukatiwa chumvi, ukafinyangwa na kuanikwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe, ambao bila ya huo mansafu ya Karak ni wali na nyama tu. Ufunguo pekee usingetosha. Alihitaji neno la baba yake, kwa sababu hakuna mchungaji wa Ain Sidra ambaye angemuuzia maziwa binti wa Haji Shibli akijua kwamba mzee hajaridhia. Na majira ya maziwa yalikuwa yameshaanza. Vikipita vipindi vya majani mabichi, ingebidi angoje mwaka mwingine, na pengine wakati huo ule msumari dukani ungekuwa umeshamvuta tena.

Aliketi kwenye godoro la wageni, mgongo wima. Baba yake aliinama juu ya makaa, akaliinua dele la shaba kwa mkono wa kushoto. Kwanza alijimiminia mwenyewe na kunywa, kama inavyompasa mwenyeji, kisha akammiminia mgeni: kahawa chungu, yenye iliki, tone la kulowesha ulimi, katika kikombe kisicho na mkono.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Hata watoto wa Karak wanaijua. Mwenye haja hupokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka chini mbele yake bila kukionja. Mwenyeji akikiona kimekaa, hulazimika kuuliza, "Una haja gani?" Na mwenyeji akisema, "Kunywa kahawa yako," basi haja imekubaliwa na hakuna wa kuirudisha nyuma. Jambo moja tu halisameheki: kunywa kabla ya kusema.

Rudaina alipokea kikombe. Aliinua macho, akaiona picha ya bibi yake ukutani, na harufu ya iliki ikampanda puani. Mwaka mzima alikuwa ameketi katika vyumba vya watu asiowajua, Uturuki, Tunisia, milimani Oman, ambako mtu akikupa kikombe unakunywa, na usipokunywa umemtukana. Mkono ulikuwa umejifunza. Haukumuuliza mwenyewe. Ulipofika kinywani ukageuka, ukashuka, na kikombe kilikuwa kitupu.

Jikoni, ambako Mama Bahija alikuwa akigonganisha masufuria ili ijulikane kwamba hasikilizi, masufuria yalinyamaza.

Maji yakimwagika hayazoleki, seuze kahawa iliyokwisha kupita kooni. Rudaina alihisi uso wake ukiwaka. Alikuwa amevaa tarizi, amegonga mlango, ametangaza haja, halafu kwa kunywa akawa ameapa mwenyewe mbele ya mwenyeji kwamba hana haja yoyote. Haji Shibli alikitazama kile kikombe, kisha akamtazama mwenye kikombe, na masharubu yake yakacheza kidogo.

"Kahawa ilikuwa nzuri?" aliuliza.

"Nzuri sana, Baba." Akajiuma ulimi. "Haji."

Mzee alinyoosha mkono kukichukua kikombe. Hapa kulikuwa na ada nyingine. Mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kwa vidole anapokirudisha, na asipokitikisa mwenyeji humimina tena, hata kukuche. Rudaina alikishika kwa nguvu, mkono ukiwa umetulia tuli, akakitoa kama mtu anayebeba yai.

"Hukukitikisa," alisema baba yake.

"Sikukitikisa."

"Basi kiu haijaisha." Akamimina. "Cha kwanza ni cha ugeni, umeshakuwa mgeni. Hiki cha pili ni cha kujiburudisha. Na mtu haburudiki kwa kahawa peke yake, hujiburudisha kwa habari." Aliketi mkabala naye, akakunja miguu taratibu, goti likilalamika. "Haya. Ulikwenda wapi?"

Angeweza kukiweka chini kikombe kile. Ndivyo akili ilivyomwambia: kiweke sasa, useme lako, ushinde. Lakini swali lenyewe, lile swali fupi alilolingoja mwezi mzima, lilikuwa limemkaa rohoni kuliko ufunguo. Aligundua jambo ambalo hakuwa amelijua alipokuwa akijitazama kiooni na tarizi zake. Aliyatamani maneno haya zaidi ya kumbana mzee kwa ada zake mwenyewe. Akanywa, akaanza kusimulia.

Alisimulia vibaya mwanzoni, kwa kurukaruka. Kwamba miezi ya kwanza hakusafiri bali alikimbia, akipiga picha za misikiti na masoko kama mtu anayetafuta ushahidi wa kwamba amepumzika. Kwamba huko Tunis mtu alizimia mkahawani, naye akajikuta ameshapiga magoti, anauliza mgonjwa anatumia dawa gani, hata akajicheka njia nzima ya kurudi alikolala, kwa kuwa duka lilikuwa limemfuata. Mwenda bure si mkaa bure, lakini alikuwa hajaokota kitu. Kisha siku moja, mashariki ya Uturuki, milimani, alilala kwa mama mmoja aliyekuwa akitengeneza jibini kwa majani ya porini. Mama yule alimuuliza, kwenu mnakula nini siku ya furaha? Akasema mansafu. Akaulizwa, na ule mchuzi wake hutengenezwaje?

"Ukamwambia nini?" aliuliza Haji Shibli.

"Nikamwambia tunanunua."

Mzee alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, cha puani, na yeye mwenyewe akakistaajabia.

"Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayechanganya dawa zake, Baba. Mimi niliyejua kipimo cha kila chupa dukani, sikujua chakula cha arusi za kwetu kinavyopatikana. Basi nikabaki pale. Nikamkamulia mbuzi. Nikateguka kidole. Nilikuwa na furaha, Baba, furaha ya kijinga, naamka kabla ya jogoo bila kengele. Tangu hapo kila nilikokwenda niliuliza maziwa tu."

Akafungua mfuko wake, akatoa jamidi moja, nyeupe, kubwa kama ngumi, iliyochongoka juu. Ilikuwa kazi ya mikono yake, kwa maziwa ya kuombaomba, iliyoanikwa kwa siri juu ya paa la jirani. Haji Shibli aliipokea. Aliigonga kwa ukucha, akasikiliza. Aliinusa kwa jicho moja limefumba. Kisha akaulamba upande wake mmoja, na uso wake ukafanya jambo ambalo Rudaina hakuwahi kuliona nyuma ya meza ya dawa. Ukawa mdogo, wa mtoto.

"Chumvi," alisema.

"Imezidi?"

"Imepungua. Mwezi wa Agosti hii itatoa ukungu, wateja wakurushie, na jamidi inauma. Na kitambaa umetumia kipya. Mama yangu angekufukuza na ufagio. Kitambaa kipya kinakunywa utamu wote, kwanza unakichemsha na mtindi wa jana." Aliigeuza mkononi. "Nilikuwa nalala chini ya kiriba chake, unajua? Anasuka maziwa, miye nahesabu mapigo. Mpaka leo nikisikia kitu kinapiga vile, naona usingizi." Akalamba tena. "Lakini mkono unao."

Rudaina alikirudisha kikombe. Hakukitikisa. Baba yake akamimina. Kuna watu wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Karak hawangoji siku ya tatu: kikombe cha tatu huitwa cha upanga, na anayekinywa amekubali kuwa upande wa mwenyeji wake vita vitakapokuja.

Safari hii alikiweka chini.

Haji Shibli aliliweka dele kando ya makaa. "Una haja gani, binti yangu?" Na sauti ilikuwa ya baba, si ya mwenyeji.

"Nataka nyumba ya Bibi, na neno lako. Sirudi dukani, Baba. Lile koti ulilolipiga pasi limenitia uchungu kila nilipolifikiria, kwa sababu nimelipenda na silitaki. Niwie radhi."

Makaa yalitoa mlio. Mzee alichukua kikombe chake mwenyewe, akajimiminia taratibu, akakiweka chini kando ya kile cha mwanawe bila kukionja.

"Hapana, Baba. Mwenyeji hana haja."

"Nani kasema? Mimi nimekuwa mwenyeji kabla hujazaliwa." Alikohoa. "Mwaka mzima nimesimama nyuma ya ile meza. Watu wanaingia, wananiuliza, daktari yuko wapi. Daktari ni wewe. Miye najibu, yuko safarini, na najifanya nimekasirika, maana hasira ina heshima yake. Sikukasirika. Niliona wivu, na upweke, basi. Haja yangu ni hii: usiniache na lile duka peke yangu. Tulipangishe kwa yule kijana wa Tafila anayelililia. Huko Ain Sidra utahitaji mtu wa chumvi."

Rudaina alivitazama vikombe viwili vilivyokaa bega kwa bega.

"Haya, kunywa kahawa yako," alisema mzee.

"Anza wewe, Baba."

"Mwenye haja ya kwanza hutangulia."

"Mkubwa hutangulia."

"Wallahi hutanitangulia kwa heshima ndani ya nyumba yangu."

Wakaangaliana, kila mmoja na ukaidi wake, ambao mtu yeyote angetambua kuwa ulitoka katika kiwanda kimoja. Kisha mikono yao ikaenda pamoja. Kahawa ilikuwa imeshapoa, nayo ilikuwa chungu kweli, na Rudaina aliinywa huku machozi yakimtelemka, akicheka.

Hapo ndipo Mama Bahija alipotokea mlangoni akijifuta mikono kwa aproni. Hakuuliza kulikuwa na nini. Alilichukua dele, akajimiminia kikombe hadi juu, kama asiyejua ada, akakiweka katikati ya vile viwili vitupu. Kisha akaketi kwenye godoro la wageni, mahali ambapo kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa amepafagia tu.

Baba na binti walikitazama kikombe. Mvuke mwembamba ulikuwa bado unapanda.

"Haya," alisema Bahija, akiinyoosha aproni magotini. "Niulizeni na mimi."