Wiki ya Kumi na Nne

Watu wa mtaa walimwita Kocha, ingawa kazi yake ilikuwa kushona viatu na ilikuwa imepita miaka kumi na tisa tangu amfundishe mtu kukimbia. Jina lilikuwa limemganda tu. Vijana walioleta mabuti yao kwenye kibanda chake, ubavuni mwa uwanja wa shule, walidhani ni utani wa wazee.

Jumatatu moja mchana alifika mwanamke mwenye unga kwenye nyusi, akatoa jozi ya raba katika mfuko wa plastiki. Alikuwa mwoka mikate wa duka la kona ya pili, mama wa watoto wawili. Kocha akazigeuza raba zile, akapitisha kidole gumba kwenye soli.

"Dada, unakimbia kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Umejuaje?"

"Tena kwa kasi ileile. Ukichoka unauburuta mguu wa kulia. Ona kisigino hiki, kimelika kama kimepigwa msasa."

Mwoka mikate alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Nusu marathoni nimekimbia mara tatu. Mara zote saa moja na dakika hamsini na mbili, kama nimepigiliwa msumari hapo. Nasikia wewe ni kocha. Nataka saa moja na arobaini."

"Nilikuwa. Siku hizi nashona viatu."

"Sitaki unifuate uwanjani. Niandikie tu."

"Za nini hizo dakika kumi na mbili?"

Alifikiri kwanza. "Kila ninachotengeneza mimi kinaliwa kabla ya saa nne asubuhi," alisema. "Nataka kimoja kibaki."

Kocha alishona raba, akapokea ujira wake, akamwambia apite kesho. Jioni, mama yake mzazi akichambua mchele mezani, yeye alikaa upande wa pili na karatasi, akapiga mistari ya wiki kumi na sita. Mkono ulikuwa haujasahau. Jumanne, mbio za vipande: kilomita moja kwa kasi, dakika tatu za kupoza mwili, kisha tena. Jumatano na Alhamisi, mbio za taratibu, kiasi cha kuweza kusimulia kisa bila kuhema. Jumamosi, kasi ya mashindano. Jumapili, mbio ndefu. Jumatatu na Ijumaa aliandika KUPUMZIKA, akapigia mstari mwekundu, kisha mwingine juu yake.

Mama yake alitupa jicho kwenye karatasi, akarudi kwenye mchele wake.

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Karatasi ya mwisho kama ile kuandikwa mezani pale ilikuwa ya mdogo wake Kocha, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa na miguu ambayo kila kocha huiota. Karatasi hiyo haikuwa na siku ya kupumzika hata moja. Siku tatu kabla ya mashindano kijana aliamka na homa, na Kocha akamwambia, "Dawa ya homa ni jasho." Akamkimbiza vipande kumi na viwili juani. Cha kumi na moja hakukimaliza. Alianguka, akapelekwa hospitali, na siku ya tatu akazikwa. Madaktari walisema joto la mwili lilimzidi moyo. Nyumbani Kocha alisema tu kwamba kijana alianguka mazoezini. Habari ya homa aliimeza, na ikamkaa humo ndani miaka yote.

Mwoka mikate alipoisoma karatasi yake alikunja uso. "Kocha, mbona ulikokoleza wino ni kupumzika?"

"Ndiko kugumu," alijibu. "Utaona."

Na kweli aliona. Wiki za mwanzo alilalamika kwamba mbio za taratibu zinamtia aibu. Mwanamke mwenye kikapu cha nyanya kichwani alimpita na kumsalimia. Ijumaa alikuwa akizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, hata mumewe akamwambia heri akimbie tu nyumba itulie. Lakini vipande vilianza kushuka. Wiki ya pili kilomita ilimchukua dakika tano na sekunde kumi. Wiki ya nane, dakika nne na hamsini. Kocha, aliyeapa kutotia mguu uwanjani, alijikuta Jumanne akifunga kibanda mapema na kusimama kwenye kona ya mbali, saa mkononi.

"Nilisema usinifuate," mwoka mikate alimtania akipita.

"Usiongee! Tunza pumzi!"

Wiki ya kumi na nne ndiyo iliyobeba kazi nzito ya mwisho: vipande sita vya kilomita, baada ya hapo ni kupunguza mwendo hadi siku ya mashindano. Jumanne ile mwoka mikate alifika amefunga kitambaa kichwani. Alipompa Kocha funguo zake amshikie, vidole vilikuwa vya moto.

"Unaumwa."

"Kahoma kadogo tu kalinianza jana. Jasho litakatoa."

Kocha alizirudisha funguo kwenye kiganja cha mwanamke.

"Nenda nyumbani."

"Kocha, ni leo tu! Nimeamka saa tisa usiku kwa wiki kumi na tatu, nimekanda, nimeoka, nimekimbia, halafu leo uniambie nenda nyumbani?"

"Leo, na kesho, na mpaka homa iondoke na siku tatu zaidi. Ukikimbia leo, mimi si kocha wako."

"Unaniogopea nini wewe? Mimi si mtoto!"

Hapo ndipo alipomwambia. Alimwambia wakiwa wamesimama kwenye nyasi, bila kumtazama usoni, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenzake: homa, maneno aliyosema, vipande kumi na viwili, cha kumi na moja. Alipomaliza, mwoka mikate alikuwa amekaa chini. Kisha akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Homa ilimlaza siku sita. Mashindano aliyakimbia, na Kocha alimsubiri nyuma ya kamba. Saa moja na dakika arobaini na tatu. Alikuja kwake akiwa na medali shingoni na machozi yaliyochanganyika na chumvi ya jasho.

"Ile wiki ndiyo iliyonilia hizo dakika tatu," alisema.

"Ndiyo. Huenda ndiyo."

"Nina hasira nawe, Kocha."

"Najua."

Alimshika bega kidogo, kisha akawaendea watoto wake.

Kocha alirudi nyumbani kwa miguu. Mama yake alikuwa barazani akikunja nguo. Alivuta kiti, akakaa, akaona kwamba asipolisema sasa hatalisema tena.

"Mama. Siku ile mdogo wangu alikuwa na homa. Nilijua, nikamkimbiza."

Mikono ya mama ilisimama juu ya shuka.

"Nilimgusa paji la uso asubuhi," alisema. "Lilikuwa linawaka. Akaniambia, mama, leo sijisikii. Nikamwambia, nenda, kaka yako anakungoja, usimwangushe." Alivuta pumzi. "Nilidhani wewe hukujua. Nikajisemea, nikikwambia nitamwua na wa pili."

Kocha alifunika uso kwa viganja. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia makaburini, kwa sauti, mabega yakimtikisika, na mama yake hakumwambia nyamaza. Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamwekea mkono kisogoni, akauacha hapo.

Jumapili iliyofuata walikwenda kaburini. Kwa miaka kumi na tisa kila mmoja alikuwa akienda kwa wakati wake, kwa visingizio vya sokoni na vya ngozi za viatu. Safari hii mama alimshika mwanawe mkono. Magoti yalikuwa yakimsumbua, akaomba wasimame kila baada ya nyumba mbili tatu, nao wakasimama, na Kocha hakumharakisha. Walipofika waling'oa majani wawili wao, mama upande wa kichwani, Kocha upande wa miguuni.