Taa ya Banda la Sita

Taa ya banda la sita ilikuwa ya kijani, na katika shamba zima la maua nilidhani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba haikupaswa kuwa hivyo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimewasha kompyuta, mkoba bado uko begani. Jana yake, saa kumi na moja jioni, nikienda zangu nyumbani, nilimpita mpulizaji wetu wa dawa akitoka katika banda hilo na barakoa usoni. Bomba lilikuwa limemharibikia asubuhi, likatengenezwa jioni. Na banda likishapuliziwa dawa, haruhusiwi mtu kuingia mpaka zitimie saa ishirini na nne. Sasa ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi.

Nilifungua jedwali la dawa kwenye hifadhidata. Mstari wa banda la sita ulikuwa sahihi kabisa: tarehe ya jana, saa kumi na moja na dakika nne jioni. Pembeni, pale ambapo amri niliyoiandikia kompyuta huhesabu muda uliopita, paliandikwa: siku 1. Siku moja ikitimia, taa huwa ya kijani kwenye kompyuta na mlangoni, na wakataji wa maua huingia.

Nikahesabu kwa vidole, mimi mwenye shahada. Hazikufika hata saa kumi na nne. Hapo nikaelewa. Amri ile haikuwa ikihesabu saa hata kidogo. Ilitazama tarehe mbili tu, ya jana na ya leo, ikahesabu usiku wa manane umepita mara ngapi kati yake. Kwa miezi saba mpulizaji alikuwa akipuliza alfajiri na wakataji wakiingia kesho yake saa moja, kwa hiyo hesabu mbovu ilitoa jibu zuri kila siku. Nami nikavimba kichwa.

Mpulizaji huyo tunamwita Mzee Chaki. Kabla ya taa zangu, kila akimaliza banda aliandika saa mlangoni kwa chaki, tarakimu kubwa zisizonyooka. Mkutanoni nilisema mbele ya watu kwamba shamba la kisasa haliendeshwi kwa chaki. Watu walicheka. Yeye alipangusa vidole kwenye suruali.

Nilimpigia shangazi simu. Ikaita, ikaita. Bila shaka ilikuwa kabatini, maana simu haziingii bandani. Shangazi ndiye kiongozi wa wakataji wa banda la sita. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, na kila siku hutangulia kuingia ili awagawie wenzake matuta ya kukata. Nilitimua mbio.

Wakataji kama ishirini walikuwa mlangoni wakivaa glavu. Msimamizi wao alinizuia kwa mkono.

"Polepole, dada. Kuna nini?"

"Asiingie mtu! Dawa haijamaliza muda wake."

"Taa ni ya kijani."

"Taa imekosea."

"Si wewe uliyetuambia haikosei?" Alitazama saa yake. "Lori linasubiri maua. Nani amekosea, taa au wewe?"

Siku nyingine yoyote ningekuwa na jibu: mtandao, umeme, mashine kuukuu.

"Mimi," nilisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wa nyuma. "Niliandika vibaya. Ni mimi."

Msimamizi aliwarudisha watu nyuma. Walipojitenga ndipo nilipoziona ndala za shangazi kizingitini, zile za bluu zenye kamba iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Buti zake za kazi hazikuwapo; alikuwa ameshaingia.

Nilimwita mpaka sauti ikakatika. Alitokea amekumbatia waridi, jasho linamtiririka, macho yanachuruzika machozi.

"Profesa, mbona unapiga kelele kama umeibiwa?" alisema, kisha akashika nguzo. "Kichwa hiki! Nilidhani ni njaa."

Mzee Chaki alikuwa ameshafika na ndoo ya maji. Alimvua koti la kazi, akamwagia maji mikononi na usoni.

"Nilimwambia," alisema bila kunitazama. "Nilimwambia nimepuliza jioni. Akanijibu, 'Mwanangu ameshahesabu.'"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Gari lilipokuja kumchukua shangazi, niliokota zile ndala, nikamgeukia mzee.

"Tafadhali, baba. Andika saa kwenye milango yote."

Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki. Miezi saba yote hiyo alikuwa akitembea nacho.

Katika zahanati ya shamba shangazi alitapika mara mbili. Muuguzi alimchoma sindano, akamulika macho yake kwa tochi, akaandika kitu kwenye kadi.

"Tutamwangalia hapa kwa siku moja," alisema, "ndipo tujue."

"Siku moja," nikauliza, "au saa ishirini na nne?"

"Kwani si mamoja?"

Kitandani, macho yamefumbwa, shangazi alitabasamu kidogo. "Mjibu, Profesa."

Nilikaa kwenye benchi, ndala zake mapajani, nikatazama saa ya ukutani ili nianze kuhesabu. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.